Majibu mawili ya homoni hayafanani, nishike karatasi ipi?

FundiNgamiani

Habari za leo mashoga zangu. Nimekuwa nikipita humu kimyakimya kusoma ya wenzangu, leo limenifika langu.

Mie ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 29, niko kwenye ndoa mwaka wa nne na sijabahatika mtoto. Siku zangu tangu sekondari hazijawahi kuwa na adabu. Naona mwezi wa pili, kisha kimya mpaka wa tano, na zikija zinakuja kama zinanidai, naharibu mashuka. Kidevuni naota nywele ngumu. Huamka kabla ya adhana nikazing'oa kwa kibanio kabla mume wangu hajafumbua macho. Shingo kwa nyuma imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, mpaka mama mkwe akaniletea dodoki jipya. Hakusema neno, ila nilimwelewa.

Mwezi wa pili mwaka huu nikajikaza nikaenda kupima. Sikuchagua siku. Nilikuwa nimepitisha siku mia moja na ushei bila damu, nikasema nasubiri nini. Majibu yakatoka hivi:

LH 21.6
FSH 7.7
Prolaktini 38 ng/ml
Testosteroni 0.62 ng/ml

Aliyenisomea alichukua kalamu nyekundu, akagawanya LH kwa FSH (homoni mbili za kichwani zinazoiamuru ovari), ikaja 2.8, akaizungushia duara. "Hii imepita mbili, una PCOS." Yaani ule ugonjwa wa homoni unaovuruga siku na ovari. Utrasaundi nayo ikasema ovari zote mbili zina vifuko vidogovidogo vingi. Nikatoka pale na bromokriptini ya kushusha prolaktini, ile homoni ya maziwa, na neno "vivimbe" linanizunguka kichwani. Bromokriptini nilimeza siku mbili, kizunguzungu kikanishusha chini mbele ya mteja nikiwa nampima mabega, nikaiacha. Vivimbe nikavitafutia dawa yake: mama mmoja aliniuzia dumu la lita tatu la "kuyeyusha", 85,000. Nimelinywa lote. Nimeharisha vya kutosha.

Mwezi wa nne dada yangu akaniita Dar nikapime upya. Huko walinisisitizia nije siku ya tatu ya damu, asubuhi. Nikaenda na basi la usiku damu ilipoanza tu. Majibu:

LH 8.4
FSH 6.2
Prolaktini 14 ng/ml
TSH 2.1
Testosteroni 2.15 nmol/l
SHBG 19 nmol/l
AMH 9.8 ng/ml

Bahasha niliifungua ndani ya basi wakati narudi, tumeshapita Chalinze. Nikaweka karatasi mbili mapajani, moja huku moja huku. LH imeshuka, prolaktini imeshuka, nikaanza kutabasamu. Halafu nikaona testosteroni, homoni ya kiume: ilikuwa 0.62, sasa 2.15! Zaidi ya mara tatu ndani ya miezi miwili! Nililia kuanzia hapo mpaka Segera. Abiria mwenzangu alidhani nimepigiwa simu ya msiba, akaninunulia maji na machungwa, nikashindwa hata kumweleza. Utamwelezaje mwanamume usiyemjua kwamba unaogopa unageuka mwanamume?

Sasa naomba msaada. Maabara mbili, majibu mawili: ipi imekosea? Ile 2.8 imekuwa 1 na nukta, ina maana PCOS imepona kwa lile dumu? Wifi yangu anasomea uuguzi, kaniambia AMH 9.8 ni neema, nina mayai ya kumwaga. Lakini saluni nimekutana na dada yake ilikuwa 70 na akashika mimba. Mie 9.8 tu nitafika?

Daktari nimepangiwa wiki ijayo. Nisingependa kuingia pale nikiwa bubu.

---

TibaAsilia_Original

Dada usihangaike na maabara, wanataka hela tu. Nina mzigo wa mizizi saba, siku 21 vivimbe vyote vinatoka kama makamasi. Njoo inbox.

---

MamaSampuli

Wewe wa mizizi saba, pisha njia. Mwenzio keshaharisha lita tatu.

FundiNgamiani mdogo wangu, pole kwa safari ile. Mimi niko maabara mwaka wa 17 sasa, na mimi mwenyewe nina hiyo PCOS, niliijua nikiwa na miaka 27. Si daktari, kwa hiyo dawa sikuandikii. Ila karatasi nazisoma kila siku, na zako nimezisoma mara mbili.

Nianze na lililokuliza. Testosteroni yako haijapanda hata kidogo. Tazama herufi zilizo mbele ya namba. Karatasi ya Tanga imeandika ng/ml, ya Dar imeandika nmol/l. Wewe ni fundi, chukua tepu yako uitazame: upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. Kiuno cha 28 na kiuno cha 71 si wateja wawili, ni mtu mmoja kapimwa pande mbili za tepu. Kwa testosteroni, ng/ml ukiizidisha kwa 3.47 unapata nmol/l. Haya, 0.62 mara 3.47. Fanya kwenye simu kabla hujaendelea kusoma.

Umepata 2.15, sivyo? Ulilia kilomita zote zile kwa namba ileile.

Na yule wa saluni mwenye AMH ya 70, mchezo ni huohuo. AMH huandikwa ng/ml au pmol/l, na kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 7.14. Yako 9.8 ukizidisha inakuja 70. Mko sawasawa, labda mnunuliane soda.

Sasa LH. Hapa ndipo ninapowagombeza watu kila siku pale dirishani. LH si kama kundi la damu kwamba ukilijua umelijua. Inapanda na kushuka, na kuna siku katika mzunguko inaruka juu ghafla ili yai litoke. Ndiyo maana tunaomba mtu aje kati ya siku ya pili na ya tano ya damu, wakati ovari zimetulia. Wewe mara ya kwanza ulikwenda siku ya mia na kitu. Nikuulize, na ujibu kwa uhakika: baada ya kutolewa damu ile ya mwezi wa pili, hedhi ilikuja baada ya siku ngapi?

Nikisubiri jibu lako, twende kwenye prolaktini. Hii ni homoni yenye aibu, ukiishtua inapanda. Hujalala vizuri, umepanda ngazi mbio, umegombana na kondakta, umechomwa sindano mara tatu mshipa haupatikani, inapanda. 38 si namba ya kumpa mtu dawa siku hiyohiyo. Ni namba ya kumwambia "kaa hapo upumzike, au rudi siku nyingine tupime tena". Umerudia, imekuja 14, na TSH yako, kipimo cha tezi ya shingo, imetulia (tezi hiyo ikilegea nayo hupandisha prolaktini na kuvuruga siku, ndiyo maana hupimwa pamoja). Hilo limekwisha. Ingekuwa imefika mamia tungekuwa na mazungumzo mengine ya kupiga picha ya kichwa.

Nakuja kwenye mstari ambao naona hakuna aliyekuelezea na mimi ndio ulionifanya nikae kitako: SHBG 19. Testosteroni ya 2.15 nmol/l kwenye mashine nyingi inahesabika ya kawaida kwa mwanamke. Utajiuliza basi hizi ndevu zinatoka wapi. SHBG ni protini inayotengenezwa na ini, kazi yake kuishika testosteroni ndani ya damu. Fikiria abiria na daladala. Abiria aliyeketi ndani ya daladala hana fujo. Aliyebaki kituoni ndiye anayesukumana na watu na kuangusha meza za wauza karanga. Wewe abiria wako si wengi kupita kiasi. Daladala zako ndizo chache, kwa hiyo wengi wamebaki kituoni, na hao ndio wanaofika kwenye ngozi ya kidevu.

Kuna hesabu ya kuonyesha hilo. Gawanya testosteroni kwa SHBG, zote zikiwa nmol/l, zidisha kwa 100. Yako ni 2.15 gawanya kwa 19, inakuja kama 11.3. Wengi huanza kukunja uso ikipita 5. Hiyo namba iandike juu ya karatasi ya Dar, kwa kalamu yoyote uipendayo, na uifute ile 2.8.

Kwa nini daladala zimepungua? Mara nyingi ni insulini, ile homoni ya kushusha sukari. Insulini ikiwa nyingi kwenye damu, ini linapunguza kutengeneza SHBG, na wakati huohuo ovari inachochewa itoe testosteroni zaidi. Weusi ule wa shingo uliopewa dodoki ni insulini inaongea kupitia ngozi. Dodoki litakutoa damu tu. Ukimwona daktari mwombe kipimo cha kunywa sukari: unakwenda hujala, unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi, unapimwa tena baada ya saa mbili. Ile ya asubuhi peke yake inaweza kukudanganya kwamba uko salama.

---

Mzee_wa_Kigoda

Samahanini akina mama, nimeingia jikoni kwenu. Neno moja. Miaka minne ya ndoa, hizo karatasi zote ni za mke. Ya mume iko wapi? Mimi mke wangu tulimzungusha miaka mitatu na kumbe mbegu zangu zilikuwa haba. Kipimo chenyewe unakaa siku mbili mpaka saba bila tendo, unatoa kwenye kikopo, umemaliza. Aibu ni ya dakika kumi.

---

BintiLikoni

Mzee umesema la maana, Mungu akuzidishie.

Mimi niko Mombasa, nina PCOS pia na mwanangu ana mwaka na nusu. LH yangu na FSH zilikuwa karibu sawa kabisa, daktari mmoja akaniambia sina PCOS kwa sababu hiyo. Wa pili akanieleza kwamba hesabu ile ni ya zamani, kwamba wataalamu walikutana Rotterdam 2003 wakakubaliana mambo matatu: siku zisizo na mpango, dalili za homoni za kiume mwilini au kwenye damu, na ovari zenye vifuko vingi. Ukiwa na mawili kati ya matatu, na magonjwa mengine yanayofanana yameshaondolewa, unayo. LH kugawanya FSH hata haimo.

Nilipewa letrozoli, dawa ya kukuza yai, siku tano tangu siku ya tatu ya damu, nikifuatwa kwa utrasaundi. Raundi ya tatu ndiyo iliyoshika. Tafadhali msinunue wenyewe dukani, mie yai moja tu lilikua na bado daktari alikuwa akihesabu mayai kila ziara.

---

MamaSampuli

BintiLikoni hongera. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2014, wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli waliojifungua ni 27.5 kwa mia, waliotumia klomifeni, dawa ya zamani ya kazi hiyohiyo, 19.1. Ndiyo maana madaktari wengi sasa wanaanza nayo. Lakini kama ulivyosema, si ya kununua kama panadoli.

Nirudi kwa wifi na "mayai ya kumwaga". AMH inatolewa na vile vifuko vidogo vinavyolea mayai machanga. Kwenye PCOS vinakuwa vingi kwa sababu vinaanza kukua halafu vinakwama njiani, vinabaki milimita chache, hakuna anayefika ukubwa wa kupasuka. Ni kama una vitenge ishirini umekata, hakuna hata kimoja ulichoshona. Kwa hiyo AMH kubwa inasema vitambaa vipo. Haisemi nguo inatoka lini, wala haisemi lolote kuhusu mirija.

Na hapo ndipo neno "vivimbe" linapotuponza. Si vivimbe. Ni mayai yako mwenyewe kwenye vifuko vyake. Aliyekuuzia dumu la kuyeyusha alikuwa anakuuzia dawa ya kuyeyusha mayai; ashukuriwe Mungu haikufanya kazi.

Tangu mwongozo wa kimataifa wa 2023, AMH inaweza kutumika badala ya utrasaundi ya kuhesabu vifuko, kwa mwanamke mtu mzima. Wewe una vyote viwili, usilipe tena.

---

MamaWaWatatu

MamaSampuli samahani nidandie. Binti yangu ana miaka 15, alivunja ungo akiwa na 13. Siku zinaruka, ana chunusi. Nimeshauriwa nimpime AMH na utrasaundi. Nimpeleke?

---

MamaSampuli

Mama, weka hela yako. Kwa msichana wa umri huo AMH haitumiki kutafuta PCOS, na utrasaundi nayo kwa kazi hiyo haishauriwi mpaka ipite kama miaka minane tangu avunje ungo, kwa sababu ovari za wasichana wengi wazima kabisa huonekana na vifuko vingi. Andika tarehe za siku zake. Zikizidi siku 90 bila damu, au ndevu zikianza kuota kweli, mpeleke kwa daktari, apimwe homoni za kiume kwenye damu.

---

FundiNgamiani

Jamani nimerudi, nilikuwa na sare za harusi watu 14, sikulala.

Nimezidisha kwenye simu. Nikazidisha tena kwa mkono nyuma ya karatasi ya patani nisiamini simu. 2.15. Nilicheka peke yangu dukani mpaka kijana wangu wa vifungo akaniuliza kuna nini. Mie ninayewagombeza wanafunzi wangu "soma upande wa tepu kabla hujakata!" Nimemkatia mtu suruali ya sentimita kwa inchi.

MamaSampuli umeniuliza damu ilikuja baada ya siku ngapi. Nina daftari la wateja, nyuma yake ndimo ninamoandika siku zangu. Damu ile ya kipimo ilitolewa tarehe 12 mwezi wa pili. Hedhi ilianza tarehe 26. Nimehesabu kwa vidole, siku 14. Kwa nini uliuliza?

Pia nimemwonyesha mume wangu ujumbe wa Mzee wa Kigoda. Aliusoma, akanyamaza, akala chakula, akanawa, akaniuliza "Hicho kikopo wanatoa wao au naenda nacho?"

---

MamaSampuli

Mume huyo mtunze.

Niliuliza kwa sababu ya hili: yai likishatoka, damu huja kama wiki mbili baadaye. LH ya 21.6 iliyofuatwa na hedhi siku ya 14 inawezekana sana kwamba ulikutwa ile siku LH inaruka, yai liko mlangoni. Nasema inawezekana, kwa sababu hawakukupima projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, wiki moja baadaye, na hiyo ndiyo ingekata shauri; ikipita 3 ng/ml huwa ni alama kwamba yai lilitoka. Lakini fikiria: ile namba waliyoizungushia wekundu kama ushahidi wa ugonjwa, huenda ilikuwa ovari yako inafanya kazi yake.

Na ukisikia "projesteroni siku ya 21", hiyo ni kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Kwa sisi akina siku 45 na 100, siku ya 21 haina maana yoyote. Inahesabiwa wiki moja kabla ya damu inayotarajiwa, kwa hiyo mara nyingi tunarudia rudia mpaka tuilenge.

Bado PCOS unayo kwa ninavyoona, maana siku, ile 11.3 pamoja na kidevu, na vifuko, yote matatu yapo. Ila ovari si jiwe. Muulize daktari kipimo kimoja ambacho sijakiona kwenye karatasi zote mbili, 17-hidroksiprojesteroni, kinachukuliwa asubuhi siku za mwanzo za damu. Kuna tatizo la tezi zilizo juu ya figo linalojifanya PCOS, ndevu zilezile, siku zilezile, na hicho ndicho kinachowatenganisha.

Swali la mwisho: unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au vya kukuza nywele? Vya uzazi wa mpango vinapandisha SHBG na kulaza LH, ukipima navyo unapima dawa. Na vya nywele vina biotini nyingi, vitamini inayozichanganya baadhi ya mashine. Niliwahi kukaa na sampuli ya dada mmoja, testosteroni juu, TSH karibu na sifuri, na yeye amekaa mbele yangu mzima kama kengele. Tulirudia mara mbili tukidhani mashine imekufa. Kumbe kila asubuhi anameza vya mikrogramu 10,000 vya nywele. Tukamwachisha, akarudi wiki iliyofuata, namba zikawa za binadamu.

---

FundiNgamiani

Uzazi wa mpango sijawahi. Vya nywele nilikuwa navyo, viliisha Desemba, nashukuru Mungu bei ilinishinda.

---

BintiLikoni

Mie ningeongeza moja tu. Usikae siku mia tena ukingoja. Mie nilikaa hivyo miaka, ukuta wa kizazi unazidi kunenepa kwa sababu estrojeni ipo na projesteroni haipo, na ukiachwa hivyo muda mrefu si salama. Ikipita miezi mitatu nenda wakupe dawa ya kuleta hedhi.

---

FundiNgamiani

Wapenzi, narudisha majibu kama nilivyoahidi.

Nimemwona daktari Jumanne, mama mtu mzima, mpole. Niliingia na daftari langu la wateja. Juu ya kila karatasi ya majibu nilikuwa nimeandika kama ninavyoandika kwenye kitambaa cha mteja: siku ya mzunguko, saa, kipimo cha upande gani wa tepu. Akavaa miwani, akasoma, akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema kuna mama yuko mtandaoni anaitwa Sampuli. Akacheka sana.

Sukari nimekunywa. MamaSampuli hukunionya! Ile glasi ni tamu kama kashata iliyoyeyushwa, nilishikilia kiti nisiitapike, muuguzi anahesabu dakika tano niimalize. Asubuhi ilikuwa 5.4. Baada ya saa mbili 8.6. Daktari akasema ile ya asubuhi ingenipitisha mlango bila kuulizwa, lakini ya saa mbili ikianzia 7.8 haiko sawa, na ikifika 11.1 ni kisukari. Mie niko katikati. Kanianzishia metformini, dawa ya sukari, ya 500, usiku nikishakula. Siku tatu za kwanza tumbo limenisumbua, sasa limetulia. Na kaniambia nisikae kwenye cherehani kutwa nzima. Sasa nikimaliza nguo mbili nazunguka Barabara ya 12 mpaka kona nikarudi. Majirani wanadhani nafuatilia madeni.

17 ile nitapima damu ikianza. Letrozoli kasema baadaye, akishaona karatasi ya mume. Mume karatasi yake imetoka, iko vizuri. Kaiweka kwenye pochi pamoja na leseni ya pikipiki, sijui anataka kumwonyesha trafiki.

Dodoki nimemrudishia mama mkwe. Nilimweleza taratibu kwamba ule weusi ni sukari na si uchafu. Akakaa kimya, halafu akavuta ushungi akanionyesha shingo yake. Nyeusi kuliko yangu. Hajawahi kupimwa sukari maishani. Jumatatu nampeleka.

---

MamaSampuli

Aende hajala. Na safari hii mwonye kuhusu ile glasi.